Shajara ya mradi: laptopu moja, mifumo miwili, mafaili yaonekane kotekote

Siku ya 1, Jumamosi usiku

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu kila nikirekebisha kitu kwenye hii laptopu, baada ya miezi miwili nishasahau nilifanyaje, afu naanza upya kama mgeni. Safari hii naandika kila kitu, hata ujinga nitakaoufanya nauandika.

Hali ilivyo: laptopu moja, SSD moja ya GB 512 (Windows inaionyesha 476, hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024), RAM GB 8. Ndani kuna Windows anayotumia dogo, mdogo wangu wa kiume, kwa kazi zake za chuo, na kuna Linux ninayotumia mi kwa mambo yangu yote. Ukiwasha inakuja menyu ya GRUB unachagua unaingia wapi. Hii imekaa mwaka mzima na haijawahi kusumbua. Kinachosumbua ni mafaili.

Mfano wa leo. Dogo kashusha video ya somo upande wa Windows, GB 5 na ushee, anataka niikate huku Linux kwa sababu programu ninayoijua iko huku. Tukafanya kama siku zote, flashi. Flashi ina nafasi GB 20 tupu lakini inasema faili ni kubwa mno. Nikakumbuka flashi ina fomati (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) ya FAT32, na FAT32 hairuhusu faili moja kufika GB 4, hata kama nafasi tupu iko tele. Hapo ndo nilipoona upuuzi wenyewe: faili liko kwenye diski hiihii, chuma kilekile, nami nahangaika kulitoa nje kwa flashi ili nilirudishe kwenye chuma hichohicho. Ni kama kutoka mlango wa mbele uzunguke nyumba nzima uingie wa uani ili ufike chumba cha pili.

Kwa hiyo mradi ni huu: faili likihifadhiwa na yeyote kati yetu, mwingine alikute palepale, alifungue, alibadilishe, bila flashi na bila kujitumia kwa barua pepe.

Nimeanza na terminali, `lsblk -f`, ili nione kuna nini. Diski imegawanywa vipande, ndo patisheni: moja ndogo ya vfat (ndo ya EFI, mifumo yote miwili inabutia hapo, haiguswi), moja kubwa ya ntfs ambayo ni C ya Windows, kama GB 402, nyingine kidogo ya ntfs ya ukarabati wa Windows, ext4 ya Linux GB 62, na swap (akiba ya RAM) GB 10. Nikaibofya C kwenye programu ya mafaili, ikafunguka! Nikaiona video, nikaikopi, nikaikata, raha. Nikataka kuirudisha iliyokatwa kwenye folda ya dogo, ikagoma. Ya kusoma tu. Huruhusiwi kuandika.

Usingizi umenishika, kesho.

Siku ya 2

Nimeimaunti C (yaani nimeiunganisha ili Linux iifungue) kwa mkono kwenye terminali ili nione inalalamika nini. Kwa kifupi inasema Windows imelala, haijazimwa, patisheni iko katika hali isiyo salama, kwa hiyo nakupa kusoma peke yake.

Nikamwita dogo. "Jana uliizima hii kompyuta au uliifunga mfuniko tu?"

"Dada, nimeizima. Nimebonyeza kuzima kabisa, taa zote zikazimika."

"Mbona inasema imelala?"

"Sasa mi nitajuaje, mi nimezima."

Nilimbishia kama dakika kumi hivi. Kumbe yuko sahihi na mimi niko sahihi. Tangu Windows 8, yaani 2012, kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, Windows inafunga programu zako na inakutoa kama mtumiaji, lakini kerneli yenyewe (kiini cha mfumo) na madrayva (programu zinazoongea na vifaa) haiyafungi, inayaandika kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iyasome haraka badala ya kuanza mwanzo. Ndo maana inawaka upesi. Lakini maana yake ni kwamba Windows imeondoka huku ikiwa na kumbukumbu yake ya jinsi diski ilivyokuwa, na inategemea ikirudi iikute vilevile. Linux ikiingia katikati ikaandika chochote, Windows ikiamka inaendelea na ramani ya zamani na hapo mafaili yanaharibika. Kwa hiyo Linux haijagoma kwa ukorofi, imekuta mwenye nyumba kaondoka mlango haujafungwa, chai iko mezani, ikasema hapa mtu anarudi.

Kitu cha ajabu ambacho wengi hawakijui (mi mwenyewe nimekijua leo): kurestati ndo kunazima kabisa kuliko kuzima. Ukichagua Restart, Windows inafunga kila kitu. Ukichagua Shut down inalala nusu. Au ukishikilia Shift wakati unabonyeza kuzima, nayo inazima kweli.

Nimekuta pia kuna opsheni ya `remove_hiberfile` ya drayva ya ntfs-3g (inayosoma NTFS huku Linux), inafuta kile kilichohifadhiwa na kumaunti kwa nguvu. Sijaigusa. Kama dogo angekuwa kahaibaneti kweli (kailaza kompyuta, kila kilichofunguka kikaandikwa kwenye diski) akiwa na kazi haijahifadhiwa, ningeifuta yote halafu tungegombana.

Suluhisho nililofanya, niliingia Windows, nikafungua terminali kama msimamizi, nikaandika:

`powercfg /h off`

Hii inazima haibaneti nzima pamoja na hiyo Fast Startup, na inafuta hiberfil.sys lenyewe, nikapata kama GB 3 za bure juu yake. Dogo kasema sasa Windows inachelewa kuwaka. Nimepima, sekunde kadhaa tu. Atazoea.

Nikarudi Linux, nikaandika faili kwenye C, likakubali. Poa.

Siku ya 3

Nilidhani mradi umeisha jana. Haujaisha.

Kwanza, kuzurura ndani ya C kutoka Linux sio kitu cha kufanya kila siku. Huku Linux hakuna anayenizuia kufuta chochote ndani ya folda ya Windows, zile ruhusa za Windows hazisimamiwi, nikiteleza kidole tu mfumo wa dogo hauwaki. Pili, baadhi ya mafaili yake kwenye Documents hayafunguki kabisa, yanaonekana kwa jina lakini ukiyabofya ni kiungo kilichokatika. Nikagundua hayo yako kwenye wingu, kwenye diski kuna kivuli tu, na Windows ndo inayashusha ukiyafungua. Linux haijui habari hizo.

Tatu ni upande wa pili, dogo naye anataka kuona mafaili yangu, na Windows haisomi ext4 kwa asili. Hapa nusura kuwe na msiba. Nina diski ya nje ambayo niliifomati ext4 zamani, ina bakapu zangu zote. Dogo kaichomeka akiwa Windows mi niko sebuleni, nikasikia sauti:

"Dada, inasema hii diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, nibonyeze ndiyo?"

Nimeruka kama nimekanyaga moto. USIBONYEZE. Windows ikikuta patisheni isiyoielewa ndo swali lake hilo, kwake hiyo diski ni tupu au imeharibika, haina habari kwamba kuna mtu kaiandika kwa lugha nyingine. Nimeiandikia diski kwa kalamu: YA LINUX, USIFOMATI.

Njia za kusoma ext4 toka Windows nilizoziangalia:

Kuna drayva za zamani kama Ext2Fsd, lakini imeachwa tangu 2017 na ext4 za siku hizi zina vitu ambavyo haijui vizuri, kusoma labda, kuandika hapana, siwezi kuikabidhi patisheni yangu. Kuna programu za kusoma tu, unaliona faili unalikopi unatoka, hizo hazina ubaya kwa dharura. Na kuna WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) yenye `wsl --mount`, ambayo ndo nilikuwa na matumaini nayo kwa sababu pale inayosoma ext4 ni kerneli ya Linux yenyewe. Lakini inachukua diski nzima, sio patisheni, na haiwezi kuichukua diski ambayo Windows yenyewe imekaa juu yake. Mimi nina diski moja. Basi.

Uamuzi: hakuna wa kuingia kwa mwenzake. Tunatengeneza patisheni ya tatu katikati, ya wote wawili, mafaili ya kawaida yanakaa huko, C inabaki ya Windows na ext4 inabaki ya Linux.

Siku ya 3, baadaye kidogo

Ubishi wa kichwani kuhusu fomati gani niweke kwenye hiyo ya tatu.

FAT32 hapana, ile GB 4 bado inaniuma. exFAT ilinivutia, haina mambo mengi, Linux inaisoma vizuri tangu kerneli 5.7 ya 2020 bila kuongeza kitu, hata vifaa vingine vinaisoma. Lakini exFAT haina jarida, yaani haiandiki mahali kwamba "nilikuwa katikati ya kufanya hiki", umeme ukikatika au betri ikiisha wakati inaandika hakuna cha kurejea. Kwa flashi sawa. Kwa patisheni ya ndani yenye kazi za watu wawili, mi naogopa. NTFS ina jarida, ipo tangu Windows NT ya 1993, na upande wa Linux siku hizi kuna drayva ya ntfs3 ndani ya kerneli yenyewe tangu 5.15 ya 2021, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea ntfs-3g ambayo inapitia nje ya kerneli na ilikuwa nzito kidogo.

NTFS basi.

Siku ya 5

Bakapu kwanza. Nimetumia jioni nzima kukopi na sina cha kusimulia.

Siku ya 6

Kukata C. Kuna kanuni moja niliisikia zamani na naifuata bila maswali: patisheni ya Windows ipunguzwe na Windows, ya Linux ipunguzwe na Linux. Nikafungua Disk Management, nikaiambia ipunguze GB 200. C imetumika GB 110 tu, kwa hiyo tupu ni karibu 290, lakini ikasema naweza kupunguza GB 150 mwisho. Sababu ni kwamba kuna mafaili ambayo Windows haiwezi kuyasogeza ikiwa inafanya kazi, na likiwepo hata moja katikati ya diski, hapo ndo ukuta. Hiberfil.sys nishaliondoa juzi, lilikuwa mmojawapo. Nikazima na pagefile (faili ambalo Windows inalitumia RAM ikijaa), nikazima na sehemu za kurejesha mfumo, nikarestati, ikaniruhusu 240. Nikachukua 200 zangu, nikarudisha pagefile kama ilivyokuwa.

Nafasi iliyotoka nikaifomati NTFS palepale kwenye Windows, lebo DATA, herufi D. Nimeifomati upande wa Windows makusudi, hiyo ni lugha yao wacha waandike wenyewe.

Dogo kaiona D kwenye kompyuta yake kafurahi kama kanunuliwa diski mpya. Nimemwambia sio mpya, ni ileile nimeweka pazia.

Siku ya 7, ujinga wa kwanza mkubwa

Nataka Linux iimaunti DATA yenyewe kila inapowaka, kwa hiyo ni /etc/fstab, faili lenye orodha ya patisheni za kumaunti. Badala ya kukopi UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) nikaiandika kwa mkono nikiangalia skrini, kwa sababu ni herufi 16 tu, nini bana. Nikahifadhi, nikarestati kwa mbwembwe.

Ikakaa. Ikahesabu sekunde 90 inasubiri diski. Afu ikanitupa kwenye skrini nyeusi ya dharura inaomba paswedi ya ruti, yaani msimamizi mkuu. Moyo paa.

Nilichokosea: sehemu ya sifuri niliweka herufi O. Na UUID haiwezi kuwa na O hata siku moja, ni tarakimu za msingi wa 16, zinaishia F. Na juu ya hapo sikuweka `nofail`, kwa hiyo Linux ikachukulia kwamba bila hiyo patisheni maisha hayawezi kuendelea. Niliingiza paswedi, nikafungua fstab kwa nano palepale, nikarekebisha, ikawaka. Laini ikawa hivi (UUID yangu siiweki):

`UUID=xxxx /data ntfs3 uid=1000,gid=1000,dmask=022,fmask=133,windows_names,nofail 0 0`

uid na gid ni ili mafaili yote yahesabike ni yangu, maana NTFS haina wazo kwamba mi ni mtumiaji namba 1000 huku. Zile maski mbili ni ili folda zifunguke lakini mafaili yasiwe yote ni ya kuendesha kama programu. Bila hiyo kila picha na kila barua inajiona ni programu. Na kabla ya kurestati tena nilipitisha `findmnt --verify` afu `sudo mount -a`, vitu viwili vya sekunde mbili ambavyo vingeniokoa asubuhi yote.

Siku ya 8

Kuhusu ile `windows_names`. Jana kabla sijaiweka nilikuwa nimehifadhi faili nimeliita "Kikao 10:30.odt". Linux haina neno. Dogo upande wa Windows analiona lakini halifunguki, halifutiki, jina lenyewe linaonekana vibaya. Nukta mbili kwenye Windows haziruhusiwi kwenye jina, pamoja na \ / * ? " < > na |. NTFS yenyewe kama fomati inaweza kulihifadhi jina hilo, ndo maana Linux iliweza kuliandika, anayekataa ni Windows. Kuna hata majina mazima yaliyokatazwa tangu enzi za DOS, huwezi kuita faili CON wala NUL wala AUX. Ukiweka hiyo opsheni Linux inakataa mapema majina ya hivyo, bora ikatae kwangu kuliko kuzingua kwa mwenzangu.

Na herufi kubwa na ndogo! Nilikuwa na folda "Picha" na folda "picha", kwangu ni mbili tofauti, dogo akifungua hii anaona ya ile. Nimeziunganisha.

Siku ya 9

Kuhamisha folda. Upande wa Windows ni rahisi, unabofya kulia Documents, Properties, kichupo cha Location, unaielekeza D, inauliza kama ihamishe vilivyomo, ndiyo. Upande wa Linux nimefungua `~/.config/user-dirs.dirs` nikaandika Documents iwe /data/Nyaraka, Downloads, Pictures, Videos vivyo hivyo. Desktop sijaigusa, kila mtu abaki na yake, sitaki ikoni za programu ambazo hazifunguki zikinikodolea macho.

Sasa kila mmoja anaanza kuona takataka za mwenzake. Mi naona `$RECYCLE.BIN`, `System Volume Information`, na `desktop.ini` kila kona. Dogo anaona `.Trash-1000` kaniuliza ni virusi? Sio virusi dogo, ndo ndoo yangu ya taka, 1000 ni namba yangu. Maana yake pia nikifuta faili huku halionekani kwenye ndoo yake, na nafasi hairudi mpaka mi mwenyewe nirudi nimwage taka zangu. Hiyo ilitupotezea GB 30 siku mbili tukishangaa zimekwenda wapi.

Kituko kingine: nimefungua ripoti kwa LibreOffice huku, programu ikakwama, nikazima. Dogo anaenda kuifungua upande wake anaambiwa hati imefungwa, inatumiwa na mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni mimi nimekaa pembeni yake nakula. Lile faili dogo la `.~lock` lilibaki kwenye folda. Ukilifuta linaisha.

Siku ya 11

Kodi zangu za programu. Nilihamishia miradi ya git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi) kwenye /data ili niweze kuijaribu hata nikiwa Windows, `git status` ikaniambia script zangu zote zimebadilika. Zote! Sijagusa hata moja. Sababu ni zile ruhusa za kuendesha, git inazikumbuka na NTFS kwa maski zangu inazionyesha tofauti. `git config core.fileMode false` ikatuliza. Afu kukawa na mambo ya mwisho wa laini, Windows inamaliza laini kwa alama mbili, Linux kwa moja, hiyo nayo inafanya faili zima lionekane jipya.

Na mazingira ya Python hayahamishiki, usijisumbue, kule programu zinakaa kwenye folda ya Scripts huku zinakaa kwenye bin na ndani yake ni vitu tofauti kabisa. Kila upande utengeneze yake.

Baada ya siku nzima ya hayo nikairudisha miradi yangu yote ext4. Faili la kazi ya kawaida, hati, picha, video, muziki, linakaa /data. Kitu chenye ruhusa na viungo kinakaa nyumbani. Gemu pia nimeambiwa zikae nyumbani, zile za Windows zinazoendeshwa huku kwa Proton zinatengeneza kiungo chenye jina `c:`, na tushaona nukta mbili zinafanya nini.

Siku ya 12

Saa. Kila nikitoka Linux nikiingia Windows saa imekosea, nilikuwa nairekebisha tu kwa mkono mwaka mzima bila kufikiri. Leo imenigharimu: script yangu ya bakapu inakopi lililo jipya zaidi, na dogo alihifadhi hati Windows ikiwa na saa ya nyuma, kwa hiyo script ikaona la kwangu la zamani ndo jipya. Bahati alikuwa na nakala.

Kile kisaa kidogo cha ndani ya ubao mama, Windows inakisoma kama saa ya hapa ulipo, Linux inakisoma kama UTC, saa ya kimataifa. Kila mmoja anakirekebisha kwa mwenzake, wanavutana kamba. Ningeweza kuiambia Linux ifuate Windows kwa `timedatectl set-local-rtc 1` lakini yenyewe inatoa onyo kwamba hiyo hali italeta matatizo, kwa hiyo nimeifundisha Windows: kwenye rejista, `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation`, DWORD inaitwa `RealTimeIsUniversal`, thamani 1. Restati. Saa zimelingana.

Siku ya 15

Jana betri iliisha nikiwa Linux katikati ya kukopi. Leo /data haimauntiki, ntfs3 inasema patisheni ni chafu na haijaruhusiwa kulazimisha. Kuna `ntfsfix`, inavutia, lakini nimesoma vizuri inachofanya: inarekebisha vitu vichache vya juujuu na kufuta alama ya uchafu. Haikagui diski. Ni kama kuzima taa ya onyo ya gari tu. Nikaingia Windows, `chkdsk D: /f` (kikaguzi cha diski cha Windows), dakika moja, nikarudi, ikamauntika. Faili lililokuwa linakopiwa limekuja nusu, mengine yote salama.

Siku ya 19

Hii sikutaka kuiandika lakini niliahidi.

Leo asubuhi dogo kaja, ripoti yake ya chuo haipo. Kaiandika jana usiku, kaihifadhi D, kaiona kwa macho. Folda nzima haipo. Mi nikaanza: ulizima vizuri? Umerudisha ile Fast Startup? Apdeti imeiwasha? Nimeingia Windows nimekagua kila kona, imezimwa. Nikapitisha chkdsk, ikatoa makosa chungu nzima na kutengeneza folda ya found.000 yenye mafaili yasiyo na majina ya kueleweka.

Afu dogo, taratibu kabisa, akauliza: "Dada, na wewe jana ulizima?"

Kimya.

Jana jioni nilikuwa na vichupo arobaini vimefunguka na sikutaka kuvipoteza. Nilihaibaneti Linux. Kwenye swap ya GB 10 ambayo niliiweka kwa kazi hiyohiyo. /data ikiwa imemauntiwa. Dogo akawasha, GRUB ikaja, kachagua Windows kama kawaida, kaandika ripoti yake kwenye D, kazima vizuri kabisa kama nilivyomfundisha. Asubuhi mi nikaiamsha Linux, ikaamka na picha ya jana jioni kichwani, kwenye picha hiyo folda ya dogo haipo, ikaendelea kuandika juu yake. Kitu kilekile nilichoisema Windows siku ya 2, mlango haujafungwa na chai iko mezani, na safari hii aliyeondoka ni mimi. Na tofauti ni kwamba Linux iliikuta Windows imelala ikakataa kuandika, ila Windows kuikuta Linux imelala haina namna ya kujua, D kwake ilionekana ya kawaida tu.

Ripoti tumeipata kwenye found.000, tulifungua moja moja mpaka tukaiona, imekosa picha mbili ambazo kaziweka upya. Nimemwomba radhi. Kanicheka jioni nzima.

Nilichofanya:

`sudo systemctl mask hibernate.target hybrid-sleep.target suspend-then-hibernate.target`

Kulala kwa kawaida kwenye RAM nimekuacha, maana hapo kompyuta haijazima na GRUB haiji, huwezi kuingia upande wa pili.

Siku ya 26

Wiki nzima hakuna kilichogoma. Video ya pili ya GB 6 dogo kaishusha upande wake, nimeikata upande wangu, kaikuta palepale. Flashi sijui iko wapi.

Iliyobaki: bakapu ya D iende kwenye diski ya nje, ambayo bado ina kalamu imeandikwa USIFOMATI, kwa hiyo itabidi nitafute nyingine niipe exFAT ili hata dogo aweze kuendesha bakapu mwenyewe. Na swap ya GB 10 sasa ni kubwa bila sababu, nikipata muda naipunguza.